Gauti kanda ya ziwa: ni ugonjwa mpya, au ulikuwepo tukauita baridi yabisi?

#1 Mwaloni_Kirumba
Wakuu salaam.

Nauza dagaa hapa soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Siku hizi wateja wangu wa makamo wanapita meza yangu mbali, ukiwauliza wanakwambia hospitali wamekatazwa, wana gauti, asidi ya yuriki imepanda. Mwanzo nilidhani ni mtu mmoja mmoja, sasa imekuwa wimbo.

Dai langu ni hili, mnipinge kwa hoja: dagaa anasingiziwa. Wazee wa Ukerewe, Ukara na Kome walikula furu, dagaa na sato asubuhi, mchana na jioni, na sijasikia kwamba kisiwa kizima kilichechemea. Mjukuu wao anayekula chipsi kuku mjini ndiye analia dole gumba la mguu usiku. Kama samaki ndiye mchawi, kwa nini hakuwaroga waliomla zaidi?

Na swali: huu ugonjwa huku kwetu kwenye joto una watu wangapi hasa? Maana ukisoma mitandaoni ni ugonjwa wa Wazungu na wafalme wao. Karibuni.

#2 Kondakta_Buzuruga
Muuza dagaa anamtetea dagaa mahakamani 😂 Nimekaa siti ya mbele, leteni mashahidi.

#3 Tabibu_Ilemela
Mleta uzi, nianze na mwili wenyewe, lawama zitafuata.

Asidi ya yuriki ni taka inayobaki baada ya mwili kuvunja purini, na purini zimo kwenye kila seli, yako na ya samaki. Sehemu kubwa inatoka ndani ya mwili, chakula kinaongezea juu. Wanyama wengi wana kimeng'enya kinachoivunja hadi mwisho. Binadamu na sokwe walikipoteza mamilioni ya miaka iliyopita, kwa hiyo sisi tunategemea figo, ambazo zinatoa kama theluthi mbili, na utumbo unaotoa theluthi iliyobaki.

Ikipita takriban miligramu 6.8 kwa desilita haiyeyuki vizuri tena. Inaanza kufanya fuwele kwenye viungo, kama sukari inavyobaki chini ya chai iliyopoa. Dole gumba liko mbali na moyo, lina ubaridi kuliko tumbo, ndiyo maana mara nyingi linaanza lenyewe. Kinga ya mwili ikizikuta zile fuwele inazishambulia, hapo ndipo mtu hataki hata shuka limguse.

Sasa jambo ambalo wengi hawaambiwi: kwa wagonjwa karibu tisa kati ya kumi, tatizo siyo kutengeneza nyingi, ni figo kutoitoa vya kutosha. Kwa hiyo kabla sijamuuliza mgonjwa anakula nini, namuuliza figo zake zikoje na anameza dawa gani.

#4 MzeeIgoma
Vijana, mnasema wazee hawakuugua. Nani aliwapima? Mjomba wangu Kwimba aliamka usiku mguu umevimba, mwekundu, hauguswi. Asubuhi ikasemwa amekanyaga dawa njia panda, tena akatajwa na aliyeitega. Ikaisha yenyewe baada ya wiki moja hivi, mganga akapewa mbuzi. Mwaka uliofuata ikarudi mguu uleule. Hakuna aliyesema gauti wala jongo. Ilikuwa ni kutegwa, na ikizidi ni baridi yabisi.

Kwa hiyo usiniambie haikuwepo.

#5 Nshomile_BK
Mzee Igoma kagusa penyewe, ila upande wa pili nao una maandishi. Madaktari waliofanya kazi Afrika Mashariki nusu ya kwanza ya karne iliyopita waliandika kwamba gauti kwa Mwafrika ni nadra mno. Dk. Hugh Trowell, aliyekaa Kenya na Uganda miaka mingi, alichapisha mwaka 1947 kisa cha mgonjwa mmoja tu kutoka Rwanda. Mgonjwa mmoja akaandikiwa makala kwenye jarida la madaktari! Hiyo inakuonyesha walivyoshangaa.

Baadaye wapo waliohitimisha kwamba damu ya Mwafrika ina kinga. Hilo limeanguka. Angalieni Marekani: katika takwimu zao za afya za mwaka 2007 hadi 2016, wanaume weusi wenye gauti walikuwa 7.0% na weupe 5.4%. Wanawake weusi 3.5%, weupe 2.0%. Damu ni ileile iliyotoka Afrika. Kilichobadilika ni maisha. Na watafiti walipoweka kwenye hesabu umaskini, unene, ugonjwa wa figo, dawa za presha na chakula, tofauti ile ya weusi na weupe ikayeyuka.

#6 Kondakta_Buzuruga
Mhaya kaingia na desimali. Uzi umeshapanda daraja.

#7 Mura_wa_Bunda
Mnazunguka sana. Hesabu ni rahisi: bia na nyama choma. Nendeni baa yoyote Ijumaa jioni, kreti mezani na mbuzi mguu mzima. Baba zetu walichinja kwenye sherehe, sisi tunachinja kila wiki. Bia yenyewe ina purini, na kilevi kinaizuia figo kutoa yuriki, kwa hiyo inakupiga kushoto na kulia.

#8 Mwaloni_Kirumba
#5 Asante mkuu, lakini Marekani siyo Mwanza. Tuletee namba za watu wa joto wanaokula samaki.

#7 Mura umenisaidia kesi yangu bila kujua. Hukumtaja dagaa hata mara moja.

#9 Nshomile_BK
#8 Chukua Shelisheli basi. Kisiwa, joto, samaki kila siku, wakazi wengi wana asili ya Afrika. Utafiti uliochapishwa 2004, watu kama elfu moja wa miaka 25 hadi 64: wanaume 35% walikuwa na yuriki ya juu, wanawake karibu 9%. Zaidi ya theluthi ya wanaume! Nani atasema tena ni ugonjwa wa baridi na wa Wazungu?

#10 Fundi_Maabara
Hapo #9 panahitaji breki. Yuriki ya juu SIYO gauti. Wengi wenye yuriki ya juu wataishi hadi kuzikwa bila dole kuvimba hata mara moja. Huko Marekani mwaka 2007-2008 mtu mzima mmoja kati ya watano alikuwa nayo juu, lakini waliowahi kuwa na gauti walikuwa 3.9% tu. Kwa hiyo ile 35% ya Shelisheli ni ya damu, siyo ya miguu.

Halafu nina kilio changu cha maabara. Mtu anakuja na karatasi mbili, moja imeandika 6.2 na nyingine 430, anasema imepanda mara sabini. Ni vipimo viwili tofauti! Kimoja ni miligramu kwa desilita, kingine ni maikromoli kwa lita. Zidisha ya kwanza kwa 59.5 upate ya pili. 6.2 ni kama 369, kwa hiyo 430 ni kama 7.2. Imepanda, ndiyo, lakini siyo mara sabini. Nimeona watu wakianzishiwa dawa kwa hofu ya namba waliyoisoma vibaya.

Na kingine: wakati mguu umevimba kabisa, yuriki ya damu inaweza kusoma kawaida. Rudi upime wiki kadhaa baada ya maumivu kuisha. Anayetaka uhakika, maji ya kiungo yanavutwa kwa sindano na kuangaliwa kwenye hadubini ya mwanga maalumu, fuwele zinaonekana kama sindano. Hiyo ndiyo hakimu. Vile vipimo vya kutoboa kidole mtaani vinakupa fununu tu.

#11 BintiNansio
Shikamooni wakubwa. Mimi niko Ukerewe na nina kisa kinachowavuruga wote. Baba yangu ni Msabato, hajawahi kunywa pombe, nyama anakula mara chache, samaki amekula tangu anazaliwa na hakupata shida. Alipofika miaka sitini na kitu akaambiwa presha, akaanzishiwa dawa ya kukojoa. Haukupita muda, dole gumba. Tukaambiwa aache dagaa. Ameacha, na bado inarudi.

Sasa Mura, bia iko wapi hapo? Na Mwaloni, miaka yote ya samaki ilikuwa inangoja nini?

#12 Tabibu_Ilemela
#11 Marahaba binti. Kisa cha mzee ndicho nilichokuwa nakisubiri. Dawa za presha za jamii ya bendro na haidroklorothayazidi, hata furosemidi, zinaifanya figo ishikilie yuriki. Aspirini ya dozi ndogo ya moyo nayo hivyohivyo. Asiache dawa ya presha mwenyewe nyumbani, kiharusi ni kibaya kuliko dole! Ila mwende kliniki mseme wazi: baba ana gauti, je, dawa inaweza kubadilishwa? Losatani kwa mfano inashusha presha na inasaidia kutoa yuriki kidogo. Na apimwe kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo), maana presha ya muda mrefu inakula figo kimyakimya.

Hii kwangu ndiyo sababu kubwa ya wagonjwa wa gauti tunaowaona mijini: presha, kisukari, unene, figo, na dawa zake.

#13 BintiNansio
Wabheja sana daktari. Nitampeleka.

#14 Mvuvi_Kome
Nyie mnaongelea mjini. Huku kambini hatuna vitambi na hatuna vidonge vya presha, lakini watu wanashikwa miguu. Sababu naijua mimi: maji. Mtu anaingia ziwani jioni kuvua dagaa kwa taa, anarudi alfajiri, anashinda kwenye jua anaanika, chupa moja ya maji au hana. Anakunywa soda na zile za kuchangamsha ili asilale. Mkojo wenyewe ukitoka ni wa rangi ya chai. Figo itatoa nini hapo?

Mmezungukwa na ziwa lote hili halafu mnakauka, ndiyo maisha yetu.

#15 Tabibu_Ilemela
#14 Hoja nzito. Kukauka kunapandisha yuriki na kunachokoza shambulio. Kuna utafiti wa Marekani wa 2014 uliokuta siku za joto kali na hewa kavu zinaandamana na mashambulio zaidi. Na ile soda: sukari ya fruktosi ikivunjwa kwenye ini inazalisha yuriki, mtu anaweza kupata gauti bila kugusa bia.

#16 Ng_wana_Misungwi
Naona mmesahau kichocho. Kanda hii yote tumekipata utotoni. Kichocho kinaharibu mirija ya mkojo na figo, figo zikiharibika yuriki inabaki. Sababu ndiyo hiyo, ya kwetu kabisa, haipo kwenye vitabu vya Wazungu.

#17 Nesi_Sengerema
#16 Tofautisha. Kinachoharibu mirija ya mkojo ni kichocho cha mkojo, na hicho kimejaa huko bara kwenu, kwenye madimbwi na majaruba ya mpunga, Misungwi, Kwimba hadi Shinyanga. Visiwani na pwani ya ziwa kilichotawala ni kichocho cha tumbo, hicho kinakula ini na kuvimbisha bandama. Kwa hiyo hoja yako inaweza kumhusu mtu wa Kwimba, kwa mvuvi wa Kome haifiki.

Sasa niongeze ya kwangu, maana hakuna aliyeitaja: KIFUA KIKUU. Miezi miwili ya mwanzo mgonjwa anameza kidonge chenye dawa nne, mojawapo ni pirazinamidi. Hiyo inaifunga figo isitoe yuriki. Karibu kila anayeitumia yuriki inapanda, na wengi wanalalamika viungo. Wachache inakuwa gauti kweli. Mkimpima mtu wakati huo mtasema Mwanza nzima ina gauti! Miezi miwili ikiisha dawa hiyo inaondolewa na yuriki inashuka. Tuna wagonjwa wengi, wapo wachimbaji kutoka upande wa Geita, na wengine wanataka kuacha dawa kwa sababu ya magoti. Nawaomba sana, msiache. Semeni kliniki mpewe cha kutuliza.

#18 Ng_wana_Misungwi
Mjomba wa Mzee Igoma alikuwa wa Kwimba. Nimeishia hapo 😄

#19 Kondakta_Buzuruga
Kesi imehama kutoka kwa dagaa, sasa mshtakiwa ni konokono wa kichocho.

#20 MamaPendo
Habari zenu. Mwanangu ana selimundu, yuko kliniki tangu mdogo. Akiumwa viungo kuna ndugu kila mara wanasema ni gauti kwa sababu alipimwa yuriki ikawa juu. Naombeni ufafanuzi, na kama kuna mzazi mwingine aseme.

#21 Tabibu_Ilemela
#20 Pole mama. Kwenye selimundu chembe nyekundu zinavunjika haraka, mwili unatengeneza nyingine kwa kasi, na kila chembe changa inayotengenezwa inaacha purini. Ndiyo maana yuriki inaweza kuwa juu. Lakini maumivu ya mtoto mara nyingi ni mishipa kuziba, siyo fuwele. Gauti kwa mtoto ni nadra sana. Akivimba kiungo kimoja na homa juu, msingoje, wakimbilieni hospitali, inaweza kuwa usaha ndani ya kiungo au mfupa. Kanda ya ziwa ndiyo yenye selimundu nyingi nchini, kwa hiyo kila anayehesabu yuriki ya juu huku lazima aliweke hilo kwenye hesabu.

#22 Ng_wana_Magu
Na bruselosi je? Huku Magu tunachunga na tunakunywa maziwa mabichi. Kaka yangu alitibiwa gauti muda mrefu, goti limevimba, anatoka jasho usiku, homa inakuja na kuondoka. Kumbe ni ugonjwa wa ng'ombe. Alipewa dawa za wiki nyingi akapona. Siyo kila goti ni gauti, jamani. Wangapi wanahesabiwa gauti na hawana?

#23 MzeeIgoma
#18 na #22, mjomba simtoi kwenye gauti. Miaka ya mwisho alikuwa na vinundu kwenye viwiko na kwenye ncha za masikio, vigumu, kimoja cha kidole kilipasuka kikatoa kitu cheupe kama chokaa. Sisi watoto tulikuwa tunatumwa tumfunge kitambaa. Bruselosi inatoa chokaa?

#24 Tabibu_Ilemela
#23 Haitoi, mzee. Vinundu vya masikio vyenye chokaa nyeupe ni alama ya gauti iliyokaa miaka bila dawa. Mtu wa Kwimba, mkulima, ambaye hakuwahi kuandikwa popote. Ninaamini wapo wengi kama yeye, na ndiyo maana "nadra mno" ya madaktari wa zamani siipi uzito wote. Waliandika walichokiona wodini, na mtu wa njia panda alikuwa kwa mganga.

#25 Nshomile_BK
Sikubali moja kwa moja. Wapo waliotafuta vijijini, siyo wodini tu, hapa Afrika, katikati ya karne iliyopita, na yuriki ya watu wa shamba ilikuwa chini kuliko ya watu wa mjini. Jambo lilelile limeonekana Pasifiki: watu wa visiwa vya Tokelau waliohamia New Zealand walipata gauti zaidi kuliko ndugu zao waliobaki nyumbani wakila samaki na nazi. Damu moja, samaki wapo wa kutosha, lakini waliohama ndio walioumia.

Mwaloni, hapo nimekupa silaha. Na nyingine hii: mwaka 2018 jarida moja la madaktari la Uingereza lilichapisha uchambuzi wa watu zaidi ya 16,000 wa Marekani wenye asili ya Ulaya. Chakula, kila kimoja kikichukuliwa peke yake, kilieleza chini ya 1% ya tofauti za yuriki kati ya mtu na mtu. Vinasaba vilieleza karibu 24%.

#26 Mwaloni_Kirumba
MMEONA? Chini ya asilimia moja! Naichapisha naibandika juu ya meza yangu.

#27 Fundi_Maabara
#26 Subiri usibandike. Wale wote wanaishi nchi moja, wanakula vyakula vinavyofanana, kwa hiyo lazima vinasaba ndivyo vionekane kuwatofautisha. Haisemi kwamba chakula hakina nguvu juu ya mgonjwa mmoja mmoja. Utafiti wa wanaume 47,150 waliofuatiliwa miaka 12, uliotoka 2004, uliona waliokula nyama nyingi na vyakula vya majini vingi walipata gauti zaidi, waliokunywa maziwa walipata kidogo, na maharage na mboga zenye purini havikuwadhuru. Kwa hiyo yule anayewakataza wagonjwa maharage na mchicha pamoja na dagaa anawanyima bure.

Na vinasaba vyenyewe #25: kile kinachojulikana sana, cha mlango unaotoa yuriki kwenye utumbo na figo, toleo lake baya limejaa Asia Mashariki, kwa Waafrika ni nadra. Ungetegemea basi sisi tuwe salama. Ule 7% wa Marekani unasema hatuko.

#28 Mvuvi_Kome
Na dagaa wakavu siyo samaki wabichi. Ukimkausha, maji yametoka, kilichobaki ni nyama yote, kichwa na utumbo. Kisado cha dagaa wakavu ni samaki wengi sana. Wazee walikula kiganja na ugali wa udaga wa sinia zima, siyo bakuli.

#29 Mwaloni_Kirumba
#28 Mvuvi, wewe ndiye unaniletea mzigo halafu unanichoma 😅 Lakini kiganja nakubali. Nawaambia wateja wachemshe kwanza wamwage maji, ndivyo mama alivyofanya, uchungu na mchanga vinatoka.

#30 Tabibu_Ilemela
#29 Na sehemu ya purini inatoka na yale maji. Kwa hiyo anayekunywa supu ya dagaa, ya makongoro au ya mapanki akidhani amekwepa nyama, supu ndiyo imebeba.

#31 Kayabo
Dagaa kisado shilingi ngapi leo Mwaloni? Nipo Maswa.

#32 Mwaloni_Kirumba
#31 Njoo PM mkuu. Sasa hivi mbalamwezi, boti haziingii, bei imepanda. Giza likirudi itashuka.

#33 Mura_wa_Bunda
Nimesoma yote, bia imepewa aya moja tu. Haya, na gongo? Nilisikia huko kusini mwa Marekani watu walipata gauti kwa pombe ya kienyeji iliyopikwa kwa rejeta za magari, madini ya risasi yakaingia kwenye pombe yakaua figo. Huku mapipa na mabomba yanatoka wapi?

#34 Fundi_Maabara
#33 Hiyo ya rejeta ni kweli, madaktari wa kule waliandika sana. Risasi inaharibu uwezo wa figo kutoa yuriki. Kwa wachimbaji wa mawe yenye risasi pia ni hatari, Zamfara kule Nigeria mwaka 2010 ilikuwa machimbo ya dhahabu na watoto walikufa kwa mamia. Kwa gongo ya huku, mtu apeleke chupa maabara ndipo tuseme.

#35 Nesi_Sengerema
Kuna jambo la umri mnaliruka. Gauti ni ya wanaume kuanzia arobaini na kuendelea, wanawake inaanza zaidi baada ya hedhi kukoma, kwa sababu homoni za kike zinasaidia figo kutoa yuriki. Sensa ya 2022 imetuhesabu zaidi ya milioni 61, na karibu nusu ni watoto. Ukigawanya wagonjwa kwa watu wote utapata namba ndogo, useme nchi za joto hazina gauti. Gawanya kwa wanaume wa miaka sitini tu uone. Wazee wetu wa zamani wengi walikufa kabla fuwele hazijapata muda. Sasa tunaishi, ndiyo maana inaonekana. Mimi nasimama hapo, siyo kwenye bia wala dagaa.

#36 Ng_wana_Misungwi
#35 Mjomba alikuwa na vinundu na aliishi enzi hizo. Nesi, hilo halimalizi.

#37 Nesi_Sengerema
#36 Mjomba mmoja siyo wilaya nzima, ndugu yangu.

#38 Jirani_Pasiansi
Naomba tiba basi. Jirani yangu anakunywa ukwaju, mlonge, ndimu na magadi kila asubuhi, maumivu yakizidi anachoma sindano ya diklo duka la dawa.

#39 Tabibu_Ilemela
#38 Ukwaju na ndimu vinywaji vizuri visipotiwa sukari nyingi. Magadi kila siku ni chumvi ya sodiamu, kwa mwenye presha ni hatari, aache. Na ile diklo ya mara kwa mara ndiyo inayonitia uchungu zaidi katika kazi hii: mtu anatuliza dole, anapoteza figo, na figo zikipotea yuriki inapanda zaidi. Wapo waliofika kwetu wanahitaji kusafishwa damu na hadithi yao ilianza hivyohivyo.

Shambulio lina dawa zake: kolchisini kwa dozi ndogo, au dawa za maumivu kwa muda mfupi kama figo ni nzima, au prednisoloni. Mashambulio yakijirudia ndipo alopurinoli, ianze chini, miligramu 100 au pungufu kwa mwenye figo dhaifu, ipande polepole hadi yuriki ishuke chini ya 6. Ni ya kumeza kila siku, miaka. Watu wanaimeza wiki mbili, dole linauma zaidi mwanzoni (ni kawaida, fuwele zinayeyuka), wanasema dawa mbaya wanaacha. Ila ukiona upele, homa, vidonda mdomoni au macho mekundu, acha SIKU HIYOHIYO na nenda hospitali.

#40 Dada_Nyegezi
Nimekuwa msomaji tu, naombeni nami. Nina miaka 34, si mnene, sinywi, bado napata hedhi kama kawaida. Nesi hapo #35 anasema wanawake ni baada ya hedhi kukoma. Mimi dole limevimba mara mbili mwaka huu, yuriki 8.1, nikapewa karatasi ya vyakula vya kuacha basi. Asubuhi nikiamka uso unakuwa umevimba kidogo.

#41 Nesi_Sengerema
#40 Dada, ulipimwa kreatinini na mkojo?

#42 Dada_Nyegezi
Hapana. Yuriki tu.

#43 Tabibu_Ilemela
#40 Mwanamke wa umri wako mwenye gauti, usitafute dagaa, tafuta figo. Uso kuvimba asubuhi unaniongezea wasiwasi. Presha, kreatinini, protini kwenye mkojo, na ultrasaundi ya figo. Useme pia kama kuna ndugu wa damu mwenye figo au gauti ya ujanani. Usimeze diklo wala bruffen hadi majibu yatoke. Nenda kesho, usisubiri wiki iishe.

#44 Dada_Nyegezi
Marehemu mama alikuwa na figo. Hakuna aliyeniuliza hilo. Naenda kesho asubuhi.

#45 Fundi_Maabara
Omba nakala ya majibu yote uondoke nayo mkononi, na uangalie kipimo kimeandikwa kwa miligramu au maikromoli.

#46 Mwaloni_Kirumba
Pole dada. Tuambie watakachosema.